Jaji Anasema na Nani?



Jioni moja nilikaribishwa kwa jirani kutazama televisheni. Yalikuwa yakionyeshwa mashindano ya kuimba. Kijana aliyesimama jukwaani alipotea sauti tangu mwanzo, na jaji akamwambia maneno ambayo sisi hatungemwambia hata aliyetuibia ndizi. Watoto wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama mwenye nyumba hakucheka. Alisema tu, "Na huyu naye ana mama yake, anatazama."

Neno hilo limenikaa moyoni, na napenda tulifikiri pamoja.

Mtindo huu wa majaji ulivuma kutoka Uingereza, yalipoanza mashindano ya Pop Idol mwaka 2001, na Marekani, yalipoanza American Idol mwaka 2002. Simon Cowell, aliyekuwa jaji katika yote mawili, alipata jina duniani kwa ajili ya ulimi wake. Haukukawia kufika kwetu. Katika Bongo Star Search, Salama Jabir alijulikana kwa kusema pasipo kuficha. Katika Tusker Project Fame, iliyoanza Nairobi mwaka 2006, Ian Mbugua aliogopwa na vijana wa Afrika Mashariki.

Hata hivyo tusiseme upesi kwamba Wazungu ni wakali na sisi ni wapole. Waingereza wenyewe husifika kwa kusema kwa kuzunguka. Kazini mtu hasemi na mwenzake kama Cowell alivyosema. Na wako Wajapani. Tangu mwaka 1946 shirika lao la utangazaji, NHK, lina mashindano ya kuimba ya watu wa kawaida yaitwayo Nodo Jiman. Huko waamuzi hawasemi neno. Zinapigwa kengele tu. Ikilia moja, umeshindwa. Zikilia nyingi mfululizo, umefaulu. Kisha mtangazaji huzungumza na mwimbaji kwa ukarimu, awe ameshinda au ameshindwa. Hakuna anayeaibishwa. Lakini pia yule wa kengele moja hurudi nyumbani asijue alikosea wapi.

Basi lipi bora? Kwa maoni yangu, kupima ukali na upole peke yake hakutufikishi mbali. Afadhali tuulize, jaji anasema na nani? Yule wa televisheni mara nyingi hasemi na kijana aliye mbele yake, bali anasema na sisi tuliokaa sebuleni, na kijana ni kuni tu za kuchochea kicheko chetu. Mwambie mtu, "Unaimba kama mbuzi," na hana cha kwenda nacho. Mwambie, "Ulianza juu mno, ndiyo maana pumzi ilikuishia," na hata kama neno linamchoma, atalifanyia kazi kesho yake. Ukali unaweza kuwamo katika maneno yote mawili, lakini la pili ni lake mwenyewe.

Na sisi tusijisifu, maana tunayo hila yetu, nayo ni neno "mmejitahidi."

Mwaka fulani niliombwa kuwa mmoja wa waamuzi katika mashindano ya kwaya. Kwaya moja ilitoka mbali, wengine kwa miguu, wamevaa sare mpya. Waliimba kwa moyo wote, lakini sauti ya tatu ilikuwa ikishuka kidogo kidogo, ikawavuta wenzao wote, wakamaliza wimbo chini kabisa ya pale walipoanzia. Nililiandika jambo hilo kwenye karatasi yangu. Nilipopewa nafasi ya kusema, nikasema wamejitahidi, watu wakapiga makofi. Matokeo yaliposomwa walikuwa wa mwisho.

Mwalimu wao alinifuata nikiwa nafunga mzigo kwenye baiskeli. "Shikamoo, mzee. Tulikosea wapi?"

Nikamweleza habari ya sauti ya tatu. Alisikiliza, akaujaribu ule mstari kwa sauti ya chini, akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Ndipo akauliza kwa nini sikusema mle ndani.

Nikamjibu kwamba niliona vibaya kuwaaibisha mbele ya watu.

"Lakini tumekuwa wa mwisho mbele ya hao hao watu," akasema. "Si ungetuita hata nyuma ya kanisa?"