Jakuzi la Mama

Kaka yangu alivua viatu palepale dukani, akaingia kwenye jakuzi kavu, akaketi, akafumba macho. Muuzaji aliendelea kutuhesabia vitundu vya kusukumia maji, vilikuwa 42, pamoja na taa za rangi na spika mbili. Kaka hakumjibu. Alipofumbua macho alishika ukingo kwa viganja, si kwa vidole, akajaribu kuinuka bila kukunja magoti, kama anavyoinuka mama yetu. Akashindwa. "Humu mama hatoki," akaniambia. "Twende."

Hii ilikuwa Minnesota, Marekani, mwezi wa Septemba. Nilikwenda kumjulia hali mama, ambaye anaishi kwa kaka tangu baba alipofariki. Mama ana baridi yabisi ya miaka mingi. Vidole vyake vimepinda, magoti huvimba, na huko aliko kuna usiku wa Januari ambao baridi hushuka nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Asubuhi za namna hiyo wifi yangu humfunga vifungo vya sweta kimoja kimoja, na mama hutazama pembeni.

Kaka aliponiambia ana nia ya kununua jakuzi, moyo wangu ulikataa. Kwetu jakuzi ni neno la hoteli na la nyumba zenye geti refu. Kaka hufanya kazi ya usiku katika nyumba ya kulea wazee, na fedha aliyokuwa akiiweka ilitokana na zamu za ziada. Halafu nikapiga hesabu ya maji. Jakuzi la watu watano hubeba kama lita 1,500, yaani ndoo 75 za lita 20. Nimekulia Ngamiani, Tanga. Ndoo moja ya maji naijua uzito wake kwa shingo yangu, na nimeona majirani waliosalimiana miaka 20 wakinuniana kwa sababu ya ndoo mbili. Nikamwambia, "Kaka, ndoo 75 za kukalia?"

Hakukasirika. Alinieleza habari ambayo sikuwahi kuisikia, ingawa neno lenyewe nimelitamka maisha yangu yote. Jacuzzi ni jina la ukoo. Walikuwa ndugu saba wa kiume kutoka Friuli, kaskazini mashariki mwa Italia, waliohamia California mwanzoni mwa karne iliyopita. Walianza kwenye kazi ya ndege. Mwaka 1921 ndege yao moja ilianguka na kuua watu waliokuwemo, akiwemo ndugu yao Giocondo, na familia ikasema ndege basi. Wakageukia pampu za visima. Mdogo wa wale saba, Candido, alikuwa na mtoto aitwaye Kenneth, ambaye hata miaka miwili hajatimiza alishikwa na baridi yabisi. Hospitalini walikuwa wakimtia kwenye maji ya moto yanayozungushwa, na mtoto akipata nafuu. Lakini maumivu hayangoji siku ya kliniki. Candido alikuwa mtu wa pampu, basi akatengeneza pampu ya kutumbukizwa kwenye bafu la nyumbani. Mwaka 1956 kampuni ya familia ikaanza kuiuza kwa ajili ya wagonjwa. Mambo ya starehe yalikuja baadaye, 1968, pale Roy wa kizazi cha baadaye alipotengeneza bafu lenye vitundu vyake ndani ya kuta.

Nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimemkumbuka bibi. Nikiwa mdogo, mama alikuwa akimpeleka kwenye chemchemi za Galanos, kule Amboni, maji ya moto yenye harufu ya kiberiti inayokupokea kabla hujafika. Mimi nilibeba kanga za kubadilisha. Bibi aliketi ndani ya maji hadi kiunoni, na mama akimmwagia mabegani kwa kata, taratibu, kata baada ya kata, akisema naye mambo ya kawaida kabisa: bei ya dagaa, harusi ya jirani. Nakumbuka mkono wa mama ulivyokuwa haukosi pale panapouma. Mkono huo sasa haushiki hata kata.

Toka hapo niliacha kubishana na kaka, tukawa tunatafuta pamoja. Nasema kwa moyo wangu wote kwamba duka lisiwe la kwanza kuzungumza. Muuzaji atakuuliza watu wangapi, rangi gani, spika ngapi, na mmoja wao alitubana na bei ya "leo tu" hadi wifi akamshukuru na kutoka. Sisi tulimweka mbele mtu mwenye magoti mabaya kuliko wote nyumbani. Majakuzi mengi ukingo wake hukaribia sentimita 90 kutoka chini. Kwa hiyo tulitafuta lenye ukingo wa chini, na tukaongeza ngazi pana yenye mkono wa kushikia, na ndani kiti cha ngazi, ili mama apumzike katikati ya kushuka.

Mwaka uliotangulia kaka alikuwa amenunua lile la kupuliza kwa upepo, rahisi, la dola mia chache. Baridi ya kweli ilipoingia likashindwa kupandisha joto, akalikunja na kulitia stoo. Halikutengenezwa kwa ajili ya barafu, na karatasi yake ilikuwa imesema hivyo. Safari hii alichunguza ukuta, uwe umejazwa povu la kuzuia joto kote, na mfuniko uwe mnene na unaokaa sawasawa, kwa sababu joto jingi hupotelea juu. Mfuniko wa zamani unaokuwa mzito umekunywa maji. Hauzuii tena kitu.

Kisha uzito. Lita 1,500 ni kilo 1,500, bado jakuzi lenyewe na watu. Ni zaidi ya tani mbili. Kaka alikuwa amepanga kuliweka juu ya baraza la mbao, fundi akakataa katakata. Wakamwaga zege kabla ardhi haijaganda. Fundi umeme mwenye leseni akavuta waya wa volti 240 wenye kifaa cha kukata umeme mara unapovuja. Hapo hapana mjadala. Umeme na maji havitaki fundi wa kubahatisha.

Daktari wa mama naye tulimwuliza, maana anakunywa dawa za presha na maji ya moto hushusha presha. Kikomo kinachoshauriwa ni nyuzi 40, lakini kwa mama alisema 38, dakika zisizozidi 15, na asiwe peke yake hata kidogo. Mpwa wangu wa miaka sita nilimwogopea zaidi. Mwaka 2002 huko Marekani binti wa miaka saba, Virginia Graeme Baker, alivutwa na tundu la kunyonyea maji, akafa, na sheria ya 2007 ya vifuniko vya matundu hayo imepewa jina lake. Kaka alikagua vifuniko, akafunga kufuli kwenye mfuniko mkubwa, na ufunguo anautunza wifi.

Swali lililobaki ni la wifi: nani atayatunza maji mwezi wa Februari? Maji ya moto humaliza klorini haraka, na yakiachwa huzalisha vijidudu vya ngozi na vya mapafu. Hupimwa kwa vikaratasi, chujio huoshwa, na kila baada ya miezi mitatu au minne yote humwagwa. Hapo hesabu yangu ya ndoo ilinigeukia: lita 1,500 ni kama mabafu kumi ya kawaida, na zinakaa miezi mitatu. Kijana mkubwa wa kaka akaichukua kazi hiyo. Aliandika siku zake kwenye kalenda ya jikoni, kwa kalamu nyekundu.

Theluji ya kwanza iliniwahi kabla sijarudi. Kanga hatukumruhusu mama, kitambaa kilegevu hakifai karibu na matundu, wifi akamnunulia vazi la kuogelea la kusitiri. Kaka alimshusha ngazi moja, mama akapumzika, ngazi ya pili, akaketi. Vitundu vyote vikiunguruma, povu likamfika kifuani.

"Haya maji hayanuki," akasema. "Ya Amboni yananuka." Kisha, "Mwanangu, zima hayo mapovu."

Kaka akazima. Kukawa kimya, mvuke ukipanda. Mama akatumbukiza mikono yote miwili, akaanza kukunja vidole na kukunjua, kukunja na kukunjua, akiuliza huku dagaa wanauzwaje. Kaka alisimama kwenye theluji na taulo begani, akitazama saa.