Nilisema Natoka Tanga

Desemba 2017 nilimdanganya mtu ambaye hata jina lake sikulijua. Nilikuwa na miaka 17, nimevuka bahari kuja likizo kwa shangazi yangu Temeke, na siku hiyo nilikuwa nimebanwa kwenye benchi la kibanda umiza. Kwenye runinga, kutoka Kenya, lilikuwa Kombe la CECAFA: Zanzibar na Tanzania Bara. Jirani yangu, mtu mzima mwenye ovaroli ya gereji, aliona nimetulia mno.

"Dogo, wewe wa wapi?"

"Tanga," nikajibu.

Lafudhi yangu ya pwani ilinibeba. Zanzibar walishinda 2-1 na mimi sikupiga hata kofi moja.

Hakuna aliyenitisha. Nilidanganya kwa sababu nililijua swali la pili kabla halijaulizwa: kwani nyinyi si Watanzania? Swali hilo huulizwa kwa utani, lakini anayejibu hatanii. Anatakiwa achague.

Kombe lenyewe ni la zamani kuliko nchi huru nyingi zinazoligombea. Lilianza 1926 kama Kombe la Gossage, zawadi ya kampuni ya sabuni ya Uingereza, na kwa miaka mingi lilikuwa la Kenya na Uganda peke yao. Tanganyika iliingia 1945, Zanzibar 1949. Baadaye lilipanuka na kubadilishwa jina, na tangu 1973 ndilo Kombe la CECAFA. Mwaka 1995 Zanzibar walilibeba wakiwa ugenini Uganda. Ukihesabu, Zanzibar walianza kulicheza miaka 8 kabla CAF haijaundwa, na miaka 15 kabla ya Muungano wa Aprili 1964.

Ndiyo maana mwaka ule wa 2017 uliuma. Machi, mjini Addis Ababa, CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Mtaani kwetu watu walipongezana kama siku ya Idi. Julai, mjini Rabat, uanachama ukafutwa. Miezi minne tu. Maelezo ya rais wa CAF wa wakati huo, Ahmad Ahmad, yalikuwa mafupi: nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili, na nchi ni ile inayotambuliwa na Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa.

Niliichukia hoja hiyo kwa muda mrefu. Sasa nasoma shahada ya uzamili, na kazi yangu kubwa ni kusoma hoja nisizozipenda mpaka mwisho. Hii ina nguvu yake. Kila eneo lenye kumbukumbu ya kujitawala likidai timu, Buganda nayo itabisha hodi, na ni nani atakayeambiwa arudi? Wala siwezi kujificha nyuma ya historia. Timu ya 1949 ilitoka katika nchi iliyokuwa chini ya himaya ya Waingereza, ikigombea kombe la muuza sabuni. Ukale peke yake haumpi mtu haki.

Lakini sheria hupimwa pia kwa wale inaowasamehe. Mechi ya kwanza ya kimataifa inayotambuliwa rasmi ilichezwa Glasgow, Novemba 1872, kati ya Scotland na Uingereza, ikaisha 0-0. Mpaka leo dola lao moja lina timu nne ndani ya FIFA na kiti kimoja Umoja wa Mataifa. Walikuwepo kabla ya FIFA kuundwa 1904, basi sheria ikawazunguka. Kwao ukale ukawa haki. Kwetu ukawa hadithi ya wazee barazani.

Sidai dola. Sidai hata kwamba mapenzi hayawezi kugawanyika, maana yangu yamegawanyika na bado ni mazima. Feisal Salum, Fei Toto, amevaa jezi zote mbili na sijawahi kuona ukinzani wowote. Machi 2019, Taifa Stars walipoifunga Uganda 3-0 na kurudi AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980, nililia, na machozi yale hayakuwa ya uongo. Kinachonikera ni kwamba katika nyumba moja yenye watu wawili, ni mmoja tu anayeulizwa yeye ni wa wapi.

Zanzibar walifika fainali, dhidi ya Kenya, wenyeji. Kibanda kilikuwa kilekile, na yule fundi alikuwepo. Safari hii alisimama mpira haujaanza na kupaza sauti, "Leo sote Wazanzibari!" Watu wakashangilia. Mimi nilikasirika. Kwake Uzanzibari ulikuwa wa bei rahisi, unauvaa jioni na kuuvua usiku. Ikawa 2-2, zikaja penalti, Kenya wakashinda 3-2. Fundi alishika kichwa kwa mikono miwili, kimya, kama aliyefiwa.

Nimekirudia kichwa kile kilichoshikwa mara nyingi. Huzuni yake haikuwa ya kuigiza. Nilikuwa nimemhukumu kwa swali ambalo hakuwahi kuniuliza. Yeye aliuliza la kwanza tu, la pili nililitunga mwenyewe na kumwekea mdomoni. Huenda angeliuliza. Huenda angesema tu, "Aa, basi leo hongereni." Uongo wangu ulinilinda mimi, lakini ulimnyima yeye nafasi ya kuwa muungwana. Bado nasema mzigo wa kujieleza haujagawanywa sawa. Ila siku ile, niliukataa kabla sijatwishwa.

Tulipokuwa tunatoka aliniona nafuta macho. Akanishika bega.

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Kumbe hata nyinyi wa Tanga imewauma."

Nikaitikia kwa kichwa.