Tusisifu Mzigo Tuliomtwisha



Ni mara ngapi mmesikia maneno haya katika mazishi ya mama au nyanya mcha Mungu: "Hakulalamika hata siku moja"? Wasifu wake husomwa: aliamka kabla ya jogoo, akateka maji, akalea watoto na baadaye wajukuu, na rozari haikumtoka mkononi. Waombolezaji huitikia kwa kichwa. Lakini tujiulize: je, hapo tunamsifu yeye, au tunajifunika sisi? Ni nani aliyemtwisha mzigo ule, na mbona hakuna aliyemtua?

Mtakatifu Monika alikuwa mke, mama na nyanya, mwenyeji wa Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Alifariki Ostia, karibu na Roma, mwaka 387, akiwa katika mwaka wake wa 56. Mjukuu wake, Adeodatus, aliangua kilio hata akanyamazishwa. Mwanawe, Mtakatifu Augustino, alimkumbuka katika kitabu chake cha Maungamo. Anasifu subira na sala zake, lakini haishii hapo. Anasema wazi kwamba baba yake, Patricius, alikuwa mwepesi wa hasira na hakuwa mwaminifu katika ndoa. Wala yeye mwenyewe hajifichi: alimdanganya mama yake, akasafiri usiku kwa merikebu kwenda Roma, akamwacha nyuma akisali na kulia.

Kumbe kumkumbuka mama vizuri ni pamoja na kuungama. Tukisifu uvumilivu wake na kunyamazia alichovumilia, binti zetu watadhani utakatifu ni kuumia kimya, na wavulana watadhani mke mwema hachoki.

Utasema marehemu hasemwi vibaya. Ni kweli. Augustino hakumlaani baba yake. Aliwaomba wasomaji wawakumbuke Monika na Patricius pamoja mbele ya altare. Aliusema ukweli akiwa katika sala.

Wala subira ya Monika isigeuzwe fimbo. Katika wosia wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, Papa Fransisko alilaani ukatili wanaotendewa wanawake nyumbani. Mke anayepigwa atafute msaada na usalama. Hatendi dhambi kwa kusema.

Wewe mume, usingoje kipaza sauti cha mazishini. Jioni hii, watoto wakishalala, muulize mama watoto wako: "Ni mzigo gani nimekutwisha nikauita wajibu wako?" Kisha nyamaza, usijitetee. Nawe mama, mjibu bila woga. Kutaja uchovu wako si kukosa imani.

Na kama mama yako ameshatangulia mbele ya haki, mwombee Misa, jambo ambalo Monika mwenyewe aliwaomba wanawe. Ukitoka kanisani, rudi nyumbani ukamtue aliye hai.

Mungu azibariki ndoa zenu.