Likizo na Utawala wa Nafsi

Kengele ya shule ni bwana mwenye saburi. Humwamsha mwanafunzi alfajiri, humwita darasani, humpeleka mezani, humrudisha masomoni jioni, kisha humlaza kitandani. Muhula mzima mwanafunzi wa bweni hutii sauti yake, naye akisifiwa kwa utaratibu huziona sifa hizo kuwa zake. Lakini je, ni zake au ni za kengele? Jibu halipatikani shuleni. Hupatikana katika likizo ya Aprili, ya Agosti na ya Desemba, kila mtu arudipo kwao, mahali pasipo kengele.

Likizo basi ni mtihani usio na msimamizi. Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi walio wengi hawakurudi madarasani mpaka Januari 2021. Katika miezi ile mirefu vijana wengi walijikuta hawana mwalimu wa zamu wala ratiba ukutani, na kila mmoja alilazimika kuishi na mtu ambaye hakuwahi kumtazama vizuri, yaani nafsi yake mwenyewe. Mtu akiwa hamjui mwenzi huyo, siku huwa ndefu mno.

Wako wasemao kuwa mwenye moyo wa nguvu ni yule asiyelia, asiyeogopa na asiyeumia. Kama ndivyo, jiwe lingekuwa shujaa kuliko watu wote. Jiwe halilii, lakini hapana alisifuye kwa ushujaa, kwa kuwa halikushinda kitu. Mwenye nguvu ni yule aumiaye, akajua ni nini kimemuuma, kisha akachagua tendo lake.

Tumtazame kijana aliyerudi nyumbani na ripoti mbaya. Baba ameisoma mbele ya wadogo zake, akainamisha kichwa, akanyamaza. Kijana atoka nje moyo ukimwaka, na mdogo wake ajapo kumwomba kalamu, ampiga kofi. Akiulizwa atasema alikuwa na hasira. Lakini chini ya hasira ile pana haya, na chini ya haya pana hofu: ng'ombe ameuzwa kwa ajili ya karo, na labda ameuzwa bure. Kama angaliijua hofu ile kwa jina lake, yamkini angalimwendea baba na kusema naye. Kwa kutoijua alimwumiza asiye na kosa, na ripoti ikabaki vile vile. Wahenga walisema hasira hasara. Nasi twaweza kuongeza kuwa hasara huwa kubwa zaidi hasira ikiwa ni joho tu lililofunika jambo jingine.

Haja ya kujijua ni ya zamani. Katika hekalu la Delphi, nchini Ugiriki, kuliandikwa amri fupi ya kumtaka mtu ajijue. Marcus Aurelius, aliyetawala dola ya Roma tangu mwaka 161 hata 180, alikuwa na majeshi yaliyomtii, na hata hivyo, katikati ya vita, aliona lazima kujiandikia mawaidha yeye mwenyewe. Kwetu Kenya, Eliud Kipchoge, aliyekimbia umbali wa marathoni mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ana desturi ya kuandika mazoezi yake daftarini. Mfalme na mkimbiaji hawakuiamini kumbukumbu peke yake, maana kumbukumbu hutupendelea.

Wewe nawe, msomaji, una daftari la muhula uliopita lenye kurasa tupu mwishoni. Zitumie. Kila jioni jiulize: Leo nini kilinikasirisha? Nilimwonea nani wivu? Nilitenda nini nilipokuwa peke yangu? Andika mistari mitatu ya kweli. Baada ya wiki tatu isome yote, nawe utaona jambo moja likirudi rudi kama mbuzi ajuaye shamba lisilo na ua. Hapo ndipo pa kujenga ua.

Yamkini mwingine atasema, "Mimi sina likizo; nina mahindi ya kuvuna na ng'ombe wa kukama." Huyo ana bahati asiyoijua. Mikono ikipukuchua mahindi, akili hupata nafasi ya kujihoji.

Lakini mtu peke yake hajioni mgongo. Nyanya aliyekulea, shangazi, au rafiki asemaye kweli, huona usiyoyaona. Waulize, kisha usiwabishie. Tena iko mizigo isiyobebwa na mtu mmoja, kama msiba, au mateso afanyiwayo mtoto nyumbani. Kuyanyamazia hayo si nguvu. Mficha maradhi kilio humfichua. Kumwendea mtu mzima unayemwamini na kumwambia wazi ni tendo la ushujaa.

Iko siku ambayo kengele italia kwa mara ya mwisho, na masomo ya sekondari yatakwisha. Tangu siku ile hapana atakayekuamsha, wala atakayekuuliza ulikuwa wapi usiku. Aliyezitumia likizo zake kujifunza kujitawala atatoka langoni akiwa na bwana wake ndani yake. Asiyefanya hivyo atatafuta bwana mwingine, na mabwana wa njiani ni wengi, wala si wote watakao heri yake.