Chui wa Tingatinga na swali la ustadhi

Mimi huandika mabango ya maduka hapa Mkuza, na ustadhi wetu ameshanionya: Siku ya Kiyama mchora viumbe ataamriwa avipulizie roho, wala hataweza. Hadithi hiyo naiamini. Lakini namfikiria Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, aliyehangaika na vibarua Dar es Salaam, kisha mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakamuua, wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Picha zake za mwanzo wageni wa mtaa wa Oyster Bay walizinunua kwa bei ya kutupa, wakaondoka nazo. Leo wakusanyaji wanazisaka Ulaya.

Mtazame chui wake: bapa, madoa ya duara, hana kivuli, nyuma yake rangi tupu. Huyo hashindani na Muumba hata kidogo. Anamtaja tu mnyama, kama ninavyoandika “nyama ya mbuzi” juu ya mlango wa bucha. (Ustadhi hapa atanuna.) Kwangu mimi hukumu iko kwenye nia, na chui yule hadai uhai. Basi hata kuku wa bango la kibanda cha chipsi nitamchora.