Mwekezaji Asiyeandikwa

Siku hizi Nairobi jamaa wa programu hajisifu tena kwa pesa alizopewa na wawekezaji. Anajisifu kwamba hakupewa na mtu. Namuelewa. Kune, iliyouza chakula hapa mjini, ilifungwa 2022 baada ya kuchangisha dola milioni moja. Copia ilichangisha zaidi ya dola milioni 100, na Mei 2024 ikawekwa mikononi mwa wasimamizi. Africa's Talking nayo ilianza 2010, na ilikuwa imeuza huduma zake kwa miaka kadhaa kabla ya kupata dola milioni 8.6 kutoka IFC na wenzake mwaka 2018. Somo linaonekana rahisi: kula jasho lako, usiwe na deni la mtu.

Lakini kuna biashara isiyo na deni la mtu kweli?

Tuseme vijana wawili wa Kangemi wana programu ya kuhesabu stoki. Maduka 20 ya Luthuli Avenue yanalipa 1,500 kila mwezi kwa M-Pesa. Hiyo ni 30,000. Toa seva, inayolipwa kwa dola. Toa intaneti. Toa nauli ya matatu, maana mwenye duka haelewi kitu hadi usimame naye pale kaunta. Kinachobaki hakitoshi mtu mmoja, achia wawili. Na bado biashara inaishi. Inaishije?

Mama haulizi kodi ya nyumba. Dada ananunua tokeni za stima. Aliyewachorea nembo anaambiwa, "Vumilia kidogo, mwezi huu ni mgumu." Nilipoacha chuo nikaanza kuandikia kampuni ndogo maneno ya tovuti, moja huko Westlands ilinikalisha miezi minne bila malipo. Mwenyewe alipenda kusema hajawahi kuchukua shilingi ya mtu. Yangu alikuwa nayo.

Mwekezaji wa suti hupewa mkataba na hisa. Pesa zikipotea, alijua. Mama na mchoraji wanabeba hatari ileile, ila wao hupewa asante, tena si kila mara.

Sisemi tukimbilie wawekezaji. Pesa ya mteja ina ukweli wake: usipomsaidia, mwezi ujao halipi. Ninachosema ni kwamba uhuru wa kujikuza mwenyewe una watu wanaoulipia, na majina yao yaandikwe. Daftari la shilingi mia linatosha: nani, kiasi gani, atalipwa lini au atapata fungu gani. Hata chama cha mtaani huandika mchango wa kila mtu, la sivyo kinavunjika.

Utaniambia mama hawezi kudai, yeye ni mama. Pengine ukimpelekea atakataa kabisa. Sawa, lakini mpelekee kwanza. Kusamehe deni ni haki ya anayedai, si ya anayedaiwa.