Kura ya Sifa ni Ushahidi

Kila mwaka, msimu wa tuzo za filamu na televisheni unapokaribia, simu za mkononi katika nyumba zetu hujaa maombi ya namna moja: “Mpigieni kura mwenzetu.” Jioni moja tulikuwa wageni katika nyumba moja huko Wazo, pembezoni mwa Dar es Salaam, ombi kama hilo likafika. Kijana wa nyumba akapiga kura papo hapo, tena mara kadhaa, kwa kuwa sheria ya shindano ilimruhusu. Baba yake akamwuliza, “Mchezo wenyewe umeuona?” Akajibu, “Bado, Baba, lakini ni mtu wetu.” Watu wakacheka, nasi tukacheka. Lakini njiani, tulipokuwa tukirudi, jibu lile halikutuacha. Je, yafaa mtu kuisifu kazi asiyoiona?

Tuzo hizi zina namna mbili za kuamuliwa. Huko Marekani tuzo ziitwazo Emmy zilitolewa mara ya kwanza tarehe 25 Januari 1949, na washindi wake huchaguliwa na wanachama wa chama cha watu wa televisheni, yaani mafundi huwapima mafundi wenzao. Barani Afrika, tuzo za Africa Magic zilianza mwaka 2013 mjini Lagos, Nigeria. Huko baadhi ya washindi huamuliwa na majaji, na wengine huchaguliwa na watazamaji kwa kura. Nasi hapa Dar es Salaam tulishuhudia mwaka 2018 kuanza kwa tuzo za tamasha la Sinema Zetu, zilizoandaliwa na Azam. Hatuoni ubaya kumpa mtazamaji sauti, maana filamu hutengenezwa kwa ajili yake. Twasema tu kwamba sauti hiyo ni amana.

Yakumbukwe ya mwaka 2016. Watanzania wawili, Elizabeth Michael na Single Mtambalike, walirudi kutoka Lagos na tuzo: yeye wa kwanza kwa filamu bora ya Afrika Mashariki, na wa pili kwa filamu yake ya Kiswahili iitwayo Kitendawili. Hatuna neno juu ya ustadi wao. Furaha ya nchi ilikuwa ya haki. Lakini tukijiuliza kwa unyofu, katika sisi tulioshangilia, ni wangapi tulikuwa tumeketi na kuitazama Kitendawili tangu mwanzo hata mwisho?

Watu wengine watatujibu kwa methali: mcheza kwao hutunzwa. Tusipowasifu watu wetu, nani atawasifu? Neno hili lina uzito, wala hatulidharau. Nigeria ina watu zaidi ya milioni 200. Sisi, kwa sensa ya mwaka 2022, tulikuwa kama milioni 61.7. Mnyonge asiposhikamana na wenzake, atasikiwa wapi?

Basi na tuitazame methali yenyewe. Katika ngoma zetu, anayemtunza mchezaji husimama ukingoni mwa uwanja. Ameuona mguu ukikanyaga, ameisikia ngoma, ndipo hutoka mbele ya watu wote na kumtunza. Fedha yake ni ushahidi wa alichokiona. Hakuna aliyemtunza mchezaji hali yeye mwenyewe amelala nyumbani. Tena, kama kura ni kuhesabu vichwa tu, Tanzania imekwisha kushindwa na Nigeria kabla filamu hata moja haijaonyeshwa. Anayetetea kura ya ukabila au ya utaifa anatetea silaha ambayo jirani yake anayo kubwa zaidi. Kinga ya mnyonge ni hukumu ya haki, ambayo huitazama kazi wala haiulizi mwenyewe ametoka wapi.

Watu wa Wazo wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Katika kilima chao saruji imetengenezwa tangu mwaka 1966, na kila mwashi ajua kwamba mfuko wa kilo 50 haufikishi kilo hizo kwa kushangiliwa. Hupimwa. Mizani ikidanganya, ukuta hutoa ushahidi baadaye.

Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle aliona kwamba heshima humtegemea zaidi yeye anayeitoa kuliko yeye anayeipokea. Ndivyo ilivyo. Sifa ya mtu asiyejua haimwongezi msifiwa kitu, ingawa ikombe lenyewe liwe la dhahabu.

Huenda mtu akasema, “Huu ni mchezo tu, nani ameumia?” Twaona wameumia watatu. Wa kwanza ni yule msanii asiye na jina wala ndugu wengi, aliyefanya kazi njema ikapitwa. Wa pili ni mshindi mwenyewe, maana mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Akisifiwa na watu wasioonja, atajuaje kwamba maji yamezidi? Wa tatu ni mpiga kura. Anajizoeza kutamka “hiki ni bora” pasipo kujua, na mazoea hayo hayaishii kwenye filamu. Kesho ataulizwa juu ya tabia ya jirani, au juu ya mtu anayeomba kazi, naye atajibu kwa ulimi uleule. Watoto wetu hujifunza amri ya nane wangali wadogo. Wasifikiri kwamba ushahidi wa uongo ni ule wa kumsingizia mtu ubaya tu.

Kwa hiyo twawashauri wazazi jambo jepesi. Ombi la kura likiingia nyumbani, mwana na aulizwe kama baba yule alivyouliza: umeiona? Na kazi ya mshindani wake, umeiona walau moja? Akiwa ameziona, na apige kura kwa moyo mweupe, hata kama ni ya ndugu yake. Kama hakuziona, na anyamaze. Kunyamaza nako ni kusema kweli. Tena akimpenda msanii wa kwao, na aketi jioni moja aitazame kazi yake, kisha amwambie palipo pazuri na palipopungua. Hapo ndipo atakuwa amemtunza.